Kikombe cha Koko: historia fupi ya kusaga

Mashini yetu ya kusagia ni ndogo. Ni ya chuma, inafungwa kwenye ukingo wa meza kwa skrubu moja, ina mkono wa kuzungusha na sahani mbili zenye meno. Leo iko jikoni kwangu Kamembe, upande huu wa mto Rusizi. Koko wangu aliinunua sokoni Kadutu, Bukavu, zamani, kwa ajili ya karanga na soya. Hakuwaza kama siku moja itatusagia mahindi ya mgao.

Nataka kuandika historia ya kusaga, kwa sababu sisi wakimbizi tunaandika sana juu ya chakula tulichopewa na tulichonyimwa, lakini hatuandiki juu ya kazi iliyo katikati ya gunia na sahani. Mtu akikupa punje, bado hajakupa unga. Hiyo njia fupi ina gharama yake, na kila zamani kulikuwa na mtu aliyeilipa.

Hapa Rwanda, kabla ya mashini, kulikuwa na mawe mawili. La chini, kubwa, wanaliita urusyo. La juu, la kushika mkononi, wanaliita ingasire. Mwanamke alipiga magoti, akasukuma la juu mbele na nyuma juu ya mtama au ulezi. Ng'ambo, Kivu, mama zetu walifanya vilevile, na muhogo mkavu waliutwanga kwanza kwenye kinu. Jiwe lilikuwa la nyumba. Gharama ilikuwa magoti, mgongo na saa za alfajiri, na karibu yote ililipwa na wanawake na wasichana.

Halafu vyakula vyenyewe vikabadilika. Mahindi na muhogo vyote vilitoka Amerika, vikaletwa Afrika na meli za Wareno kuanzia karne ya 16. Wakati wa Wabelgiji, baada ya njaa ya 1928 na 1929 ambayo Wanyarwanda wanaiita Rwakayihura, utawala ulilazimisha watu kulima muhogo na viazi vitamu kama akiba ya njaa. Hata hivyo njaa ya Ruzagayura ilikuja 1943. Amri ilisema nini kipandwe. Nani atakausha, atatwanga na kuchekecha, hilo liliachiwa wanawake.

Kuna neno moja linalobeba historia hii yote: posho. Katika Kiswahili posho ni kile anachopewa mpagazi, askari au kibarua ili ale na afanye kazi. Kule Katanga, kampuni za migodi ziliwapa wafanyakazi posho ya unga. Uganda neno limehama kabisa: posho ndiyo ugali wenyewe. Kenya, mashini ya kijijini inaitwa posho mill. Fikiria hilo, ndugu msomaji: chakula cha kila siku cha mamilioni ya watu kina jina la mgao.

Mashini za mota zilipofika masokoni, magoti yalipumzika. Hilo ni jambo jema, na simwamini mtu anayelilia jiwe huku hajawahi kulisukuma. Lakini tangu hapo kusaga kukawa na mwenye mashini, na mwenye mashini ana bei.

Huko Ulaya walilijua hili mapema. Katika mji wa St Albans, Uingereza, abati wa monasteri alitaka watu wote wasage kwenye vinu vyake na walipe. Karibu mwaka 1331 watu walinyang'anywa mawe yao ya mkono, na mawe hayo yakatumika kusakafia chumba cha monasteri. Miaka 50 ikapita. Mwaka 1381, wakulima walipoasi, watu wa mji waliingia humo, wakang'oa mawe kutoka sakafuni, wakayavunja na kugawana vipande. Kipande cha jiwe hakisagi kitu. Waliyachukua kwa sababu yalikuwa ya nyumba zao.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka koko, na kikombe chake.

Tulivuka mwisho wa Mei 2004, vita ilipoanza Bukavu. Nilikuwa na miaka 11. Mama alibeba mdogo wangu na godoro. Koko alibeba mashini, ameifunga ndani ya kitenge mgongoni kama mtoto. Mama alimgombeza pale kwenye daraja: "Mama, unabeba chuma, batoto balale wapi?" Koko hakumjibu.

Kwenye kambi ya mapokezi tulipewa mahindi ya punje, maharage, mafuta na chumvi. Mashini ya mota ilikuwa huko senta, mwendo wa kupanda. Asiye na pesa alikatwa mahindi: kwa mabakuli matano, moja lilibaki kwa mwenye mashini. Kuna waliochemsha punje nzima, lakini zinakula kuni nyingi, na watoto wadogo walizitoa jinsi walivyozimeza.

Koko akafunga mashini kwenye ubao wa benchi. Mahindi yanapita mara mbili. Kwanza unalegeza sahani ili punje zivunjike tu, kisha unachekecha, unakaza, unasaga tena. Punje yenye unyevu inaziba meno, lazima uianike kwanza. Kilo moja ilinichukua karibu nusu saa, maana mzungushaji nilikuwa mimi. Unga ulitoka na pumba zake na kiini chake, mzito, wa manjano kidogo, na harufu ambayo unga wa dukani hauna. Lakini hauwekwi. Kiini kina mafuta, na mafuta hayo yanachacha. Tulisaga wa siku moja au mbili.

Majirani walikuja. Miaka mingi nimesimulia hadithi hii hivi: koko wangu alisaidia watu kambini. Ni kweli, lakini si yote. Koko alikuwa na kikombe cha bati, na kwa kila beseni alichota kikombe kimoja cha unga. Kikombe hicho bado ninacho. Mwaka huu nilikipima kwa beseni la ukubwa ule: vikombe kumi. Koko alichukua moja kwa kumi, nusu ya bei ya senta. Sisi tulikula vizuri kuliko hema za jirani, na nilijua, na nilinyamaza.

Siku moja alikuja mama mmoja mwenye watoto wawili. Sehemu ya mahindi yake alikuwa ameshauza apate kuni. Tulimsagia, koko akachota. Yule mama akaangalia beseni, akasema polepole, bila matusi: "Koko, hii kikombe yako ni kubwa kuliko mutoto wangu."

Koko hakurudisha unga. Alikasirika, alisema chuma kinalika, sahani hazitapatikana. Hiyo nayo ilikuwa kweli. Lakini asubuhi iliyofuata alitangaza sheria mpya: anayezungusha mkono mwenyewe halipi kitu, anayetaka kuzungushiwa anatoa kikombe. Mama yangu alilia, kwa sababu wiki ile uji wetu ulikuwa mwepesi. Watu karibu wote walizungusha wenyewe.

Nimeifikiria sheria hiyo sana. Koko hakuwahi kusoma habari za abati wala za kampuni. Lakini alitenganisha vitu viwili ambavyo wenye vinu huwa wanavichanganya: malipo ya jasho na malipo ya kumiliki chuma. La kwanza alilidai. La pili aliliacha, na lilimgharimu, maana sahani zilikwisha haraka. Tulipohamishiwa Nyabiheke, kambi iliyofunguliwa 2005 huko Gatsibo, mashini ilikuwa inaponda tu, haisagi.

Msomaji anaweza kusema haya ni madogo. Si madogo. Malawi, mwaka 1990, karibu wakimbizi 18,000 kutoka Msumbiji waliugua pelagra, ugonjwa wa ngozi, tumbo na akili. Mgao wao ulikuwa mahindi, na karanga zilizowakinga zilikuwa zimekatika. Huko Kwango, Kongo, daktari Trolli aliandika mwaka 1938 juu ya konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ya watu waliokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha. Chakula kilikuwepo pote pawili. Kilichokosekana ni kile kinachokwenda pamoja nacho: karanga kidogo, au siku chache zaidi za kuloweka.

Tangu 2014, kuanzia kambi ya Gihembe, mgao wa chakula hapa Rwanda ulianza kugeuzwa kuwa pesa. Mtu ananunua unga uliokwisha sagwa. Wengi wanafurahi, nami ni mmoja wao. Lakini katika bei ya mfuko ule kikombe bado kimo; tofauti ni kwamba humuoni anayechota, wala huwezi kumwambia kikombe chake ni kikubwa.

Koko alifariki Nyabiheke. Mashini ilikuja kwangu, na sahani nyingine nilizipata sokoni hapa Kamembe, si za aina ile, lakini fundi alizichonga zikaingia. Jumapili nasaga mahindi kwa ajili ya ugali na sambaza. Watoto wangu wanagombania mkono kwa dakika tano, halafu wanachoka, wananiachia.

Yule mama sijui kama alibaki Rwanda, alirudi Bukavu, au alipelekwa mbali. Kama anasoma hapa: kikombe nimekipima. Ulisema kweli.