Usiite Fagia Kamera

Wasee, neno "mtumba" ni la kitambo kuliko stoo zetu za Homa Bay. Karne ya 19, mtumba ulikuwa furushi ambalo mpagazi alibeba kutoka pwani hadi bara. Mara nyingi ndani kulikuwa na merikani, kitambaa kilichopewa jina la nchi kilikotoka, Marekani. Jina lenyewe lilikuambia unanunua nini.

Nguo kuukuu ziliposhamiri miaka ya 1990, soko likiwa limefunguliwa, wauzaji wakawa na lugha yao. "Kamera" ni chaguo la kwanza la belo. "Fagia" ni mabaki. Na hata muuzaji akikupanga, ulikuwa na mkono: unaigeuza nguo, unavuta zipu, unaangalia kwapani.

Leo tunauza kwa status. Mkono umetoka, imebaki picha na neno la muuzaji tu. Mtu wa Mbita akituma pesa ya viatu, anaongeza na ya boda. Akipata soli imepasuka, kurudisha ni hasara juu ya hasara, so ananyamaza na hanunui tena kwa yeyote kati yetu.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa. Lakini hata bila Katiba, piga picha ya doa. Andika "soli imeshonwa", kisha punguza bei. Bado itauzika. Ukiita fagia kamera, kesho hata kamera yako hakuna atakayeiamini.