Kisasi cha Mwanamke katika Masimulizi ya Mapinduzi: Madame Defarge, Arraweelo na Historia ya Isiolo

Mhakiki wa Kiswahili anayetaka kumpa jina mhusika aitwaye Madame Defarge hupata taabu mara moja. Kumwita mhusika mwovu ni kumhukumu kabla ya kumsikiliza. Kumwita hasimu ni kumpunguza, maana hasimu ni mtu wa upande wa pili tu, naye Madame Defarge ni zaidi ya hapo. Akisema mlipiza kisasi, mhakiki huyo anatumia neno ambalo katika asili yake ya Kiarabu lina maana ya malipo yaliyo sawa na kosa, yaani haki iliyopimwa. Taabu hii si ya msamiati peke yake. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba uovu wa mwanamke mlipiza kisasi, katika riwaya na katika masimulizi ya jadi, aghalabu hutokana na mahali ambapo msimulizi ameiweka sababu ya kisasi hicho. Na kwamba jambo hili linamhusu pia mwanahistoria anayeandika juu ya Isiolo na vita vya miaka ya 1963 hadi 1967.

Riwaya ya Charles Dickens juu ya miji miwili, London na Paris, ilitolewa kidogo kidogo katika gazeti lake la kila juma mwaka 1859, kuanzia Aprili hadi Novemba. Kwa habari za Mapinduzi ya Ufaransa Dickens aliegemea sana kitabu cha Thomas Carlyle cha mwaka 1837. Humo tunamkuta Madame Defarge, mke wa mwenye duka la mvinyo, akiwa ameketi anafuma. Mafumo yake ni daftari: ndani yake yamo majina ya watu watakaouawa siku ya hesabu itakapofika. Msomaji anamwona hivyo tangu mwanzo, kimya, sindano mkononi, na anaanza kumwogopa. Anapokuja kutaka damu ya Lucie na ya mtoto wake mdogo, ambao hawajamkosea neno, msomaji amekwisha kata shauri.

Sababu ya chuki yake inakuja mwishoni kabisa. Katika sehemu ya tatu ya riwaya unasomwa mahakamani waraka ambao Daktari Manette aliuandika gerezani Bastille mwaka 1767 na kuuficha ukutani. Waraka unaeleza jinsi ndugu wawili wa ukoo wa Evrémonde walivyomharibu binti mmoja wa mkulima, jinsi mume wake alivyotumikishwa hata akafa, na jinsi kaka yake alivyochomwa upanga alipojaribu kumtetea. Alibaki mdogo wao wa kike, aliyefichwa mbali. Baada ya kurasa chache tunaambiwa kwamba mdogo huyo ndiye Madame Defarge. Dickens, basi, hakumnyima sababu, na kwa hilo anastahili sifa. Lakini aliichelewesha hata ikawa haina nguvu tena ya kubadili hukumu ya msomaji. Hebu tuigeuze riwaya, tuanze na kibanda cha yule mkulima. Matendo yote yatabaki yale yale, hata lile la kumwinda mtoto asiye na hatia, ambalo halina udhuru. Hata hivyo tutakuwa tumesoma kitabu kingine.

Wanawake wa Mapinduzi wenyewe walikuwa na sababu zilizojulikana waziwazi. Tarehe 5 Oktoba 1789 walitoka Paris kwa miguu hadi Versailles wakidai mkate. Tarehe 30 Oktoba 1793 serikali ile ile ya mapinduzi ilivipiga marufuku vyama vyao vya siasa. Mfumaji mwenye kiu ya damu ndiye aliyesalia katika kumbukumbu za wasomaji wa Kiingereza. Mdai mkate amesahauliwa.

Tukirudi kwetu, Isiolo ni mahali pafaapo kwa uchunguzi wa aina hii kwa kuwa mji huo umekusanya watu wengi wenye masimulizi yao: Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru. Miongoni mwa Wasomali wa hapo wamo wa koo za Isaak na Harti, ambao wazee wao wengi walikuwa askari wa Waingereza na walipewa makazi Isiolo baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Asili yao ni pande za kaskazini mwa nchi ya Wasomali, ambako yapo marundo ya mawe yasemwayo kuwa ni kaburi la malkia Arraweelo.

Arraweelo, kwa mujibu wa masimulizi, alitawala wanaume kwa ukatili na kuwahasi. Mzee mmoja, Oday Biiqe, alinusurika na akawa mshauri wa siri wa waliobaki. Malkia alimwachilia mjukuu wake wa kiume kwa kusihiwa na binti yake, na mjukuu huyo alipokua akamwua. Waoromo wa kusini mwa Ethiopia, ndugu wa Waborana kwa lugha, nao wana Akko Manoye, malkia aliyewaamuru wanaume kazi zisizowezekana hata wakamwangusha kwa hila. Katika masimulizi haya, kama yanavyosimuliwa kwa kawaida, sababu haikucheleweshwa, imeondolewa. Hatuambiwi wanaume walimtenda nini Arraweelo kabla hajawatenda. Lakini inafahamika kwamba mwanamume apitaye penye kaburi lake hutupa jiwe, ilhali mwanamke huweka tawi bichi. Matawi hayo, kwa maoni yangu, ni uhakiki wa fasihi uliotangulia vyuo vyetu vikuu vyote.

Tena yafaa tukumbuke sheria ya dia. Katika desturi ya Wasomali, dia ya mwanamume ni ngamia 100, na ya mwanamke ni 50. Wanaoidai na kuigawa ni wanaume wa ukoo. Mwanamke hana baraza la kupeleka madai yake kwa kinywa chake. Kisasi chake, kikitokea, hakina budi kuonekana wazimu, kwa sababu hakikupewa mlango wa kupitia. Binti wa yule mkulima wa Ufaransa alikuwa katika hali hiyo hiyo.

Sasa tuitazame historia ya Isiolo kwa jicho hilo. Simulizi iliyozoeleka huanza tarehe 28 Juni 1963, siku alipouawa Mkuu wa Wilaya, Daudi Dabasso Wabera, pamoja na Chifu Haji Galma Dido, katika safari ya upande wa Modogashe. Kuuawa kwao kulikuwa uovu, na hakuna hoja ya kukupunguza. Lakini msimulizi mwingine huanza mwaka 1962, Tume ilipokuja kuuliza maoni ya watu wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, au Machi 1963, Uingereza ilipotangaza mkoa mpya wa Kaskazini Mashariki na kuiacha Isiolo nje yake. Na yuko wa tatu ambaye huanza na Gaaf Daaba, yaani wakati wa kusimamishwa, kama Waborana wa Waso wanavyouita: watu wakakusanywa kambini Garba Tulla, Merti na Modogashe, mifugo ikazuiwa kwenda malishoni, mingi ikapigwa risasi au kutwaliwa, na mfugaji akawa mtu wa kungoja posho.

Mwaka 1970 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuwakinga watumishi wa serikali wasishtakiwe kwa matendo yao ya kati ya 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967 katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Sheria hiyo ilifunga daftari. Mfumo wa Madame Defarge ni kinyume chake: daftari lisilofungwa, ambalo hata mtoto asiye na kosa huandikwa humo. Kati ya mambo haya mawili ndimo walimokaa wajane wa Isiolo kwa zaidi ya miaka arobaini.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhi ripoti yake Mei 2013, iliwaandalia wanawake vikao vyao wenyewe, mbali na vya wanaume. Wanawake wa kaskazini walieleza habari za kubakwa, za waume waliouawa na za mifugo iliyopotea. Waraka wa Manette ulikaa ukutani zaidi ya miaka ishirini, na uliposomwa ukamhukumu kifo mkwe wake mwenyewe. Ushahidi wa wanawake hawa ulikaa muda mrefu zaidi, nao haukumhukumu mtu yeyote. Umo katika ripoti, kwa Kiingereza. Waliosimulia Gaaf Daaba walisimulia kwa Kiborana, Kisomali na Kiswahili, wakaanza kila mmoja mahali alipopaona kuwa ndipo mwanzo, na mpangilio huo wa mwanzo na mwisho ndio ambao idara zetu za lugha hazina budi kuukusanya kabla wasimulizi hawajakwisha.