Mtoto Haponi kwa Mnyororo



Mwaka 931, mjini Baghdad, mgonjwa alifariki kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru matabibu wote watahiniwe na Sinan bin Thabit kabla ya kuruhusiwa kutibu. Kwa hiyo kusimamia tiba si jambo geni kwetu Waislamu.

Uganda ilitumia sheria ya kikoloni ya mwaka 1938 mpaka ilipopitisha Sheria ya Afya ya Akili ya 2018.

Basi sisi wa Nakivale, tukishauriwa kumlaza kijana wetu mahali akatibiwe akili, tuulize: Nani amewapa kibali? Nani anawakagua? Tutaruhusiwa kumwona? Wakikataa kujibu, tumpeleke hospitali ya Mbarara. Mtoto ni amana, nasi tutaulizwa.

Wabillahi tawfiq.