UZI: Miaka 20 ya siasa za sodo, na swali ambalo Nuu bado inangoja

1/ Kila uchaguzi ukikaribia, sodo zinarudi jukwaani. Katoni, picha, makofi. Leo hebu tufuate historia yenyewe, bila kutaja mtu wala chama, tuone inamwacha wapi msichana wa Nuu, Mwingi ya Kati, ambaye hedhi yake ni nzito kuliko ya wenzake.

2/ 2004: Kenya inaondoa VAT kwenye sodo. Tulikuwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani. Hatua nzuri, lakini fikiria: pakiti ya shilingi 58 ikishuka hadi 50, mzazi asiye na 50 bado hana kitu.

3/ 2011: serikali inaanza kutenga pesa za kuwanunulia wasichana wa shule za umma. Hapo mjadala ukatoka kwa bei ukaingia kwa ugavi: nani ananunua, nani anasambaza, nani anapigwa picha.

4/ 2017: Sheria ya Elimu ya Msingi inarekebishwa. Msichana aliyebaleghe na kusajiliwa shule ya umma ana haki ya sodo za bure, zenye ubora, na za kutosha. Shikilia hilo neno la mwisho.

5/ Sera ya kitaifa ya 2019–2030 ikaongeza habari sahihi, vyoo, na utupaji taka. Februari 2023 seneta mmoja akatolewa ukumbini kwa sababu ya doa jekundu kwenye suruali. Juni 2024, Mswada wa Fedha na tozo yake ya mazingira ukarudisha sodo mdomoni mwa kila mtu, hadi mswada ukaondolewa. Ona basi: miaka 20, na karibu kila mara tunabishana kuhusu pakiti.

6/ Sasa tupige hesabu. Pakiti ya kawaida dukani ina vipande 8. Tuseme msichana anabadilisha kila saa mbili mchana, na tena usiku: hiyo ni pakiti nzima kwa siku. Siku 3 hivyo, halafu siku 4 za vipande 4. Jumla 40. Pakiti 5 kwa mwezi mmoja! Akipewa moja, sheria imetimizwa kwenye karatasi. Yeye Jumanne anabaki nyumbani.

7/ Atumie vitambaa basi? Vitambaa vinataka maji na sabuni. Nuu ni kukame, na wakati wa kiangazi mtungi mmoja una kazi nyingi kabla ya kufika kwa kufua.

8/ Na hata ukimpa hizo pakiti 5, umeshughulikia doa, hujashughulikia damu. Hedhi inayopita siku 7, sodo inayojaa ndani ya saa moja au mbili, mabonge makubwa ya damu: hayo ni mambo ya hospitali. Miaka ya kwanza homoni huwa hazijatulia, na mara nyingi sababu ni hiyo tu. Lakini wengine wamezaliwa na damu isiyoganda vizuri, kama ugonjwa wa von Willebrand, na hedhi ndiyo dalili ya kwanza kuonekana.

9/ Asipotibiwa, anapungukiwa damu. Anachoka, anapata kizunguzungu, anasinzia darasani. Wanamwita mvivu.

10/ Mbona hakuna anayewajibika? Tangu 2013 afya iko chini ya kaunti. Shule na bajeti ya sodo ziko kwa serikali ya kitaifa. Huyu anasema, "Sisi tulipeleka sodo." Yule anasema, "Hakuna msichana aliyekuja kliniki." Wote wanasema kweli, na mtoto ameangukia katikati.

11/ Wazazi, wakati siasa inaendelea: andikeni kwenye daftari siku ngapi na vipande vingapi, mwende nalo kliniki. Ombeni apimwe kiwango cha damu. Semeni kama mama au shangazi naye alitokwa na damu nyingi. Msimpe aspirini, inazidisha kutoka damu. Ndengu na kunde zinasaidia, pamoja na chungwa au limau. Chai ingoje baada ya mlo. Lakini akishapungukiwa damu chakula pekee hakitoshi, atahitaji vidonge vya madini ya chuma. Na akizimia, au akijaza sodo kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, msingoje kukuche.

12/ Na wakija kuomba kura, msiulize mlileta katoni ngapi. Ulizeni: "za kutosha" ni ngapi kwa msichana wa pakiti 5? Mwalimu akimwona anadhoofika, anampeleka kwa nani? Kituo chetu kina kipimo cha damu na vidonge leo, au tutaambiwa twende Mwingi?

Hilo ndilo swali. Lipelekeni kwa baraza.