Mihimili ya Dola Hadi Matambarale

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ilifuata mfumo wa bunge wa Uingereza: Waziri Mkuu, Julius Nyerere, aliongoza serikali iliyotoka bungeni na kuwajibika kwa Bunge. Mwaka mmoja baadaye nchi ikawa jamhuri, na madaraka ya utendaji yakahamia kwa Rais. Muungano na Zanzibar wa mwaka 1964 haukuzaa shirikisho kamili, bali muundo wa serikali mbili.

Katiba ya Muungano ya mwaka 1977 inagawa kazi kwa mihimili mitatu: Serikali hutekeleza, Bunge hutunga sheria na kuisimamia Serikali, Mahakama hutoa haki. Urithi wa mfumo wa bunge haujafutika. Waziri Mkuu lazima awe mbunge wa jimbo, na uteuzi wake huthibitishwa na Bunge. Ndivyo Kassim Majaliwa, mbunge wa Ruangwa, alivyoshika wadhifa huo Novemba 2015.

Matambarale ni kata ya wilaya hiyo ya Ruangwa. Huko dola huonekana kwa karibu zaidi. Serikali za mitaa, zilizovunjwa mwaka 1972, zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Kata humchagua diwani wa kuiwakilisha katika halmashauri ya wilaya. Kijijini, mkutano mkuu wa wakazi wote waliotimiza miaka 18 huchagua halmashauri ya wajumbe 15 hadi 25, na mbele ya mkutano huo viongozi hutakiwa kusoma mapato na matumizi.