Jina Moja, Spishi Mamia: Historia ya Kumtambua Furu Mchanga, Jinja na Mbale

Utangulizi

Makala hii inachunguza swali linaloonekana kuwa la wanabiolojia peke yao: samaki mchanga wa familia ya Cichlidae, aliyewekwa katika tangi la kioo, hutambuliwaje kuwa wa spishi fulani? Hoja yetu ni kwamba swali hilo ni la istilahi pia. Historia ya utafiti uliofanyika Jinja inaonyesha kuwa jina pana likitumiwa bila kuhojiwa huweza kuficha upotevu wa viumbe. Inaonyesha vilevile kuwa jina finyu likitolewa mapema huzalisha kosa lenye sura ya elimu.

Majina ya watu wa ziwa

Wavuvi wa Ziwa Viktoria wana majina matatu ya samaki mmoja, Rastrineobola argentea: dagaa kwa Watanzania, omena kwa Wajaluo, mukene kwa Waganda. Kwa furu hali ni kinyume chake. Furu, ambaye Wajaluo humwita fulu na Waganda nkejje, si samaki mmoja. Ni kundi linalokadiriwa kuwa na spishi zaidi ya 500 katika ziwa hilo. Jina hili halitokani na ujinga. Mvuvi huuza fungu, naye mlaji hununua fungu. Hakuna kati yao aliyehitaji kutenganisha spishi. Tatizo lilianza pale jina la sokoni lilipohamia katika daftari la takwimu likabaki vilevile.

Jinja na kazi ya kutenganisha

Jenasi Haplochromis iliasisiwa mwaka 1888 na Hilgendorf kwa sampuli za ziwa hili. Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham aliongoza uchunguzi wa uvuvi, akampa ngege jina la kisayansi na kupendekeza tundu la wavu lisiwe chini ya inchi 5. Pendekezo hilo lilimlinda ngege mchanga. Furu hakuwa na kinga kama hiyo. Kituo cha utafiti wa uvuvi cha Afrika Mashariki kilianzishwa Jinja mwaka 1947, na katika miaka ya 1950 P. H. Greenwood alifanya kazi huko kabla ya kuendelea na uchambuzi wake London. Kuanzia mwaka 1956 alichapisha mfululizo wa marekebisho ya spishi za furu, akitumia umbo la kichwa, meno, mfupa wa taya la koromeo na rangi ya dume mpevu.

Vigezo hivyo karibu vyote ni vya samaki aliyekomaa. Furu mchanga, kama alivyo jike wa spishi nyingi, ana rangi ya fedha au kahawia iliyofifia. Hata dume mpevu, akishahifadhiwa katika fomalini, hupoteza rangi yake.

Kuna mambo machache yanayoweza kusemwa kwa uhakika kuhusu samaki mchanga. Kwanza, ngege na jamaa zake wakiwa wachanga huwa na doa jeusi kwenye sehemu laini ya pezi la mgongo, alama ambayo furu hana. Pili, miiba ya pezi la chini karibu na mkia ikihesabiwa, furu wa kawaida huwa na mitatu, ilhali Astatoreochromis alluaudi ana minne au zaidi. Baada ya hatua hizo, mtafiti mwangalifu husimama na kusubiri samaki akue.

Hata kusubiri kuna mipaka yake. Mwaka 1965 Greenwood alionyesha kuwa Astatoreochromis alluaudi aliyelelewa bila kula konokono hakukuza taya la koromeo nene kama la mwenzake wa ziwani. Kwa hiyo mfupa uliotegemewa kutofautisha spishi ulibadilishwa na chakula. Aidha, furu wa spishi tofauti wakichanganywa katika tangi huweza kuzaliana na kupata watoto wenye rutuba. Ndiyo maana kumbukumbu ya mahali samaki alipovuliwa huwa na uzito kuliko sura yake.

Mbale: samaki asiye na rangi

Mbale haina ziwa, lakini ni sehemu ya historia hii. Maji ya Mlima Masaba hupitia mito Manafwa na Mpologoma hadi Ziwa Kyoga, nayo masoko ya mji hupokea samaki waliokaushwa au kufukizwa moshi. Samaki huyo hufika akiwa hana rangi, na hutajwa na wasemaji wa Lumasaaba, Lugwere, Ateso, Luganda na Kiswahili. Mtafiti aliye sokoni Mbale na yule aliye mbele ya chupa ya fomalini Jinja wanakabiliwa na tatizo moja: jina limebaki, alama zimeondoka. Suala hili si dogo, kwa kuwa katika miaka ya 1990 watafiti walibaini kwamba maziwa madogo kandokando ya Kyoga, likiwemo Nawampasa, bado yalikuwa na furu waliopungua sana katika maziwa makuu.

Gharama ya safu moja

Uchunguzi wa mwaka 1969 hadi 1971, ulioripotiwa na Kudhongania na Cordone, ulionyesha kuwa furu walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa. Sangara, aliyepandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, aliongezeka ghafla katika miaka ya 1980, na spishi zipatazo 200 zinahofiwa kutoweka. Safu moja yenye neno "furu" huweza kuonyesha kuwa furu wamepungua. Haiwezi kusema ni furu yupi. Mengi tunayojua kuhusu spishi mojamoja yanatokana na watafiti wa Ghuba ya Mwanza, ambao tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 waliwapa samaki wasiojulikana majina ya muda badala ya kuwaacha katika fungu.

Kiswahili nacho kimechangia: mwaka 1985 spishi moja ilipewa jina la Nyerere, na mwaka 1998 ikawekwa katika jenasi mpya, Pundamilia.

Hitimisho

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi. Iwapo fomu za mialo zitaandikwa kwa Kiswahili, tunapendekeza mambo matatu kwa Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria lenye makao Jinja. Kundi, jenasi na spishi viwe na nafasi tofauti, na "spishi haijabainika" likubaliwe kuwa jibu kamili. Jina la kienyeji liandikwe pamoja na lugha yake na mahali liliposikika. Hatua ya ukuaji, yaani kifaranga, mchanga au mpevu, itajwe kila mara. Bila nafasi hizo, tafsiri ya fomu itahamisha safu ileile moja kutoka Kiingereza hadi Kiswahili.