Barua kutoka Palermo kwenda Lugano

Ndugu vijana, sisi tunaokaa karibu na mipaka twalijua jambo hili: mwenye mali ya haramu huvuka bila shida, bali hakimu husimama kwenye kizuizi, kwa kuwa mamlaka yake yaishia hapo. Tumeona vema kuwakumbusha habari ya nchi mbili jirani, Italia na Uswisi, zilizopambana na shida hiyo hiyo.

Katika miaka ya 1970 Mafia wa kisiwa cha Sisilia walipokea mofini kutoka mashariki, wakaigeuza heroini katika maabara za siri, kisha wakaiuza Marekani. Dola zilizorudi zilipitia, kwa sehemu kubwa, benki za Uswisi. Mwaka 1980 hakimu mpelelezi Giovanni Falcone wa Palermo alikabidhiwa kesi ya mjenzi mmoja tajiri. Mashahidi waliogopa kusema. Basi akaziomba benki za mji hati zote za ubadilishaji wa fedha za kigeni tangu mwaka 1975, akazisoma moja baada ya nyingine. Unga hutumika ukaisha. Fedha huandikwa mahali fulani.

Maandishi hayo yalimfikisha mpakani. Uswisi ililinda siri za benki kwa sheria ya mwaka 1934. Hakimu wa kigeni hakuweza kubisha mlango wa benki. Ilimbidi aandike barua ya maombi, na hakimu mwenzake wa Uswisi ndiye aliyeamuru akaunti ifunguliwe, mradi tendo lililotajwa liwe kosa la jinai katika nchi zote mbili. Kukwepa kodi hakukutosha. Biashara ya dawa za kulevya ilitosha, lakini ilibidi ionyeshwe. Kwa hiyo mengi yalitegemea uaminifu kati ya mwandishi wa barua na mpokeaji. Falcone alimpata mpokeaji huyo katika Carla Del Ponte, mwendesha mashtaka wa Lugano, mji wa Uswisi ambamo watu husema Kiitaliano.

Tusidhani kwamba uchafu ulikuwa upande mmoja tu. Kusafisha fedha za uhalifu hakukuwa kosa la jinai nchini Uswisi hadi tarehe 1 Agosti 1990. Sheria hiyo ilipita baada ya aibu kubwa: waziri wa sheria, Elisabeth Kopp, alikuwa amempigia mumewe simu ajitoe katika uongozi wa kampuni iliyoshukiwa, na mwanzoni mwa 1989 akaacha kiti chake. Mahakama haikumtia hatiani, lakini wananchi walikuwa wamekwisha kushtuka.

Mwaka huo huo, mwezi wa Juni, Del Ponte na mwenzake Claudio Lehmann walikuwa Palermo kwa kazi. Tarehe 21 walinzi waliona mfuko wa baruti kwenye miamba chini ya nyumba ya Falcone, ufukweni Addaura. Nani aliwaarifu wauaji juu ya wageni hao? Falcone aliamini kwamba wakubwa fulani, wasio wa Mafia, walikuwa na mkono wao. Nao watu wa mji wakanong'ona kwamba ameutega mwenyewe ili apate sifa. Kwetu sisi, mnong'ono huo wauma kuliko baruti.

Tarehe 23 Mei 1992 barabara ililipuliwa karibu na Capaci. Falcone alikufa pamoja na mkewe Francesca Morvillo na walinzi watatu. Chini ya miezi miwili baadaye aliuawa rafiki yake, hakimu Paolo Borsellino. Del Ponte aliendelea, na mwaka 1994 akawa mwendesha mashtaka mkuu wa Uswisi.

Mwezi wa Desemba 2000 mataifa yalikusanyika Palermo kutia sahihi Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa magenge yanayovuka mipaka. Nchi yetu ilijiunga nao mwaka 2005. Ibara ya 18 yasema kwamba nchi haiwezi kuinyima nchi nyingine msaada wa kisheria kwa kisingizio cha siri ya benki.